Jipangie Kona: Kuchapa Kazi Ndani ya Nakivale

Wasee wa Base Camp, Juru na Rubondo, hapa kambini Nakivale, Uganda, hii ni ya kwenu. Ukicheki video za "ofisi ya nyumbani" kule mtandaoni, unaona meza nyeupe, kiti cha kuzunguka, na msee mmoja amejiachia peke yake kwa chumba kizima. Huku kwetu keja moja inabeba watu saba, na chumba cha mbele usiku kinageuka kitanda cha mabrathe. Kwa hivyo meza sio shida ya kwanza. Cha kwanza ni kuelewana na watu wa nyumbani.

Mimi nasema kona inajengwa kwa mdomo kabla ya nyundo. Kaa na mathe jioni, ameshamaliza sufuria, umwambie: "Mama, kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa mbili niko kazini, hata ukiniona nimekaa tu hapa." Atakuuliza: "Na maji atachota nani?" Hilo swali ni la haki, usilikwepe. Mwambie jerikeni zitajaa zote kabla hujalala, na ukachote kweli. Siku ukilenga, makubaliano yamekufa. Nimeona mabuda wenye laptopu kali wakishindwa hapo, na nimeona manzi mwenye simu ya skrini iliyopasuka akimaliza kozi nzima ya uhasibu, kwa sababu kila mtu kwao alijua saa zake. Tena masistee ndio jiko na maji vinawakulanga zaidi. Brathe, kama sistee yako anasoma, shika jerikeni wewe.

Mbona alfajiri? Ni mabati, maze. Saa saba mchana chini ya mabati kichwa kinachemka, na mvua ikishuka husikii hata unachoambiwa kwa simu. Mvua zetu kubwa ni Machi mpaka Mei, kisha Septemba mpaka Desemba. Ukipewa intavyuu miezi hiyo, omba ya asubuhi. Joto nalo unalipunguza hivi: fungua magunia, yashone pamoja, yafunge chini ya mabati yawe siling. Hata kelele zinashuka.

Meza yenyewe haina noma. Panga tofali za udongo nguzo mbili, weka ubao juu, na kimo chake kikutane na kiwiko chako ukiwa umekaa. Dirisha liwe ubavuni. Likiwa nyuma yako, skrini inang'aa huoni kitu.

Ngori kubwa ni moto wa kuchaji. Paneli ya wati 50 ikipata jua safi masaa matano, ukitoa hasara, inakuachia kama wati-saa 200 hivi. Betri za laptopu nyingi ziko kati ya wati-saa 40 na 60. Hapo unatosheleza laptopu, simu na taa, bora usipitishe kwa inveta. Inveta inageuza stima ya betri iwe ya ukutani, halafu chaja yako inaigeuza irudi tena, na kila geuzo linakula. Saka chaja ya gari ya volti 12 inayobeba laptopu yako, uchomeke moja kwa moja. Kama betri yako ni ile ya asidi, usiishushe chini ya nusu, itakufa mapema. Panguza vumbi kwa paneli kila asubuhi. Huna paneli? Ongea vizuri na yule wa kuchajisha pale senta: "Papa, naleta laptopu saa mbili, naichukua saa tisa, tafadhali usimpe mtu mwingine." Ukiwa mteja wa kila wiki, atakulindia.

Simu nayo ina mambo yake. Mwaka 2017 Adrian Ward na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, waliwapima watu wakaona simu ikikaa tu mezani, hata imenyamaza, makali ya akili yanapungua. Sasa kwetu simu ndio hotspoti, huwezi kuiacha mbali. Fanya hivi: piga msumari juu ya fremu ya dirisha, tundika simu ndani ya mfuko wa kitambaa. Huko juu netiweki inashika fiti, na mkono wako haufiki. Bando pia libane. Ile kodi ya mitandao ya kijamii ya silingi 200 kwa siku, iliyoanza Julai 2018, iliondolewa, lakini tangu Julai 2021 kuna ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Pakua mara moja, zima, chapa kazi bila mtandao, washa tena wakati wa kutuma.

Kuna wasee wanasema, "Nitajipanga nikishapata safari, nikifika Kanada." Naelewa, na naumia nikisikia hivyo. Nakivale ilifunguliwa 1958. Kuna watu wamezaliwa hapa wakazeekea hapa wakingoja. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inakupa haki ya kufanya kazi na kutembea nchini, itumie sasa. Kelele za nyumbani zikizidi, tafuta mbogi. Mkongo mwenzetu, Patrick Muvunga, alianzisha Opportunigee hapa hapa Nakivale, mahali vijana wanakaa pamoja, wanasoma na kubuni kazi zao.

Mafaili mazito ya kupakua yaache yangoje siku ya kwenda mjini Mbarara. Pale Hai Striti unanunua chai, unakaa, netiweki inawaka. Beba laptopu ikiwa imejaa, maana hata jijini stima hukatika. Nauli ikiwabana, changeni: mmoja aende na flashi za mbogi nzima, kila moja na jina lake na orodha ya vitu vya kupakua, na wiki ijayo aende mwingine.