Kishale cha Upepo Juu ya Paa la Industrial Area

Sisi watu wa Pwani upepo tumekua nao. Kaskazi ikivuma twajua, kusi ikiingia twajua. Lakini tangu nihamie Nairobi, kwenye nyumba zilizopakana na viwanda vya Industrial Area, upepo kwangu una maana nyengine: moshi. Binti yangu ana pumu. Upepo ukitokea viwandani, twafunga madirisha mapema.

Ndiyo maana nimeweka paani kituo kidogo cha kupimia hali ya hewa. Mwezi uliopita kishale chake kilivunjika mkia, kikawa chaonyesha upande mmoja tu. Tukakiamini, madirisha yakabaki wazi, mtoto akakesha akikohoa. Kipuri chake peke yake sikukipata dukani, nikaamua kukiunda.

Kishale huelekeza kichwa kule upepo unakotoka. Kwa hivyo mkia uwe mpana kuliko kichwa, upepo upate pa kusukuma. Lakini uzito wa pande mbili sharti ulingane, ama kitajigeuza chenyewe mlingoti ukiinama kidogo. Mkia niliukata kwenye dumu la mafuta ya kupikia. Fimbo ni bomba jembamba la alumini nililopewa na fundi wa madirisha. Kichwani nilitia nati za shaba moja moja, mpaka fimbo ikatulia sawa juu ya kidole.

Chini ya mhimili mna sumaku, na swichi nane ndogo zimeizunguka. Sumaku ikiikabili swichi moja, hiyo hujifunga. Ikikaa kati ya mbili, hujifunga zote mbili. Ndivyo swichi nane zinavyotoa pande 16. Basi ihamishe sumaku ya zamani kwa uangalifu, na usiweke chuma karibu yake. Mimi mara ya kwanza nilitia skrubu ya chuma kwenye kitako. Ikaivuta sumaku, kishale kikaganda.

Mwisho, tafuta kaskazini ukiwa mbali na mabati, maana dira ya simu hudanganyika. Wataalamu hupima upepo mita 10 juu ya ardhi, mahali pa wazi. Hapa maghorofa yaupindisha, lakini kwa kujua moshi watokea wapi, chanitosha.

Juzi jioni kishale kiligeukia viwandani. Tukafunga madirisha, mtoto akalala. Hata hivyo, kishale hakiondoi moshi. Hiyo ni kazi ya wenye viwanda na ya serikali, na kuwakumbusha ni kazi yetu sisi tunaouvuta.