Kumchagua Msimamizi wa Tasnifu ya Uzamifu katika Taaluma ya Kiswahili

Miongoni mwa mambo yanayomkabili mtahiniwa wa shahada ya uzamifu, uchaguzi wa msimamizi ndio unaofikiriwa kwa muda mfupi na kudumu kwa muda mrefu. Mada huweza kupunguzwa, nadharia huweza kubadilishwa, na data huweza kuongezwa. Lakini kumwacha msimamizi mmoja na kumwendea mwingine, kazi ikiwa imefika nusu, ni jambo zito linaloigusa idara nzima. Makala haya yananuia kueleza misingi inayofaa kuongoza uchaguzi huo katika idara za Kiswahili nchini Kenya.

Kizazi cha kwanza cha wataalamu hakikuwa na nafasi kubwa ya kuchagua. Hadi Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipovunjwa mwaka 1970 na Nairobi ikawa na chuo kikuu chake, aliyetaka kufika kilele cha taaluma aghalabu alisafiri ng'ambo. Hata baadaye safari hizo ziliendelea: Euphrase Kezilahabi, aliyeandika tasnifu ya uzamili kuhusu Shaaban Robert katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikamilisha uzamifu wake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka 1985. Leo Kiswahili kinafundishwa hadi kiwango cha uzamifu katika vyuo vikuu kadhaa vya Kenya, na tasnifu huandikwa kwa Kiswahili chenyewe. Uchaguzi upo, kilicho haba ni wasimamizi. Ndiyo maana viwango vilivyotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu mwaka 2014 viliweka kikomo cha watahiniwa watatu wa uzamifu kwa msimamizi mmoja katika mwaka wa masomo.

Yafaa pia kutofautisha taratibu. Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, mwanafunzi husoma kozi na kufanya mitihani kwanza, kisha huunda kamati ya tasnifu baada ya kuwafahamu walimu wake. Nchini Kenya mtahiniwa hutakiwa kuwa na pendekezo la utafiti mapema, na idara humteulia wasimamizi, kwa kawaida wawili. Kwa hiyo anayengoja uteuzi bila ya kupendekeza jina amekwisha kuchaguliwa. Uchunguzi wake hauna budi kutangulia maombi.

Msingi wa kwanza ni uwanja wa utafiti. Kusema kwamba fulani ni mtaalamu wa Kiswahili hakutoshi. Tuchukue mfano wa mtahiniwa anayekusudia kuhakiki tenzi za kale zilizomo katika miswada ya herufi za Kiarabu, kama ile iliyohifadhiwa London na Dar es Salaam. Hati hiyo katika umbo lake la kimapokeo haikutofautisha daima irabu i na e, wala u na o. Neno moja laweza kusomwa kwa njia mbili au tatu, na maana ya ubeti ikageuka. Msimamizi asiyeisoma hati hiyo atasahihisha tahajia ya tasnifu na mpangilio wa sura, lakini kosa la usomaji litampita. Vivyo hivyo kwa mtafiti wa lahaja: Kimvita hutofautisha t ya meno na t ya ufizi, tofauti isiyokuwamo katika Kiswahili sanifu. Asiyeisikia hawezi kumwambia mtahiniwa kwamba ameinukuu vibaya.

Msingi wa pili ni msimamo. Mgogoro wa ushairi uliopamba moto katika miaka ya 1970, hasa baada ya Kichomi ya Kezilahabi kutoka mwaka 1974, uliwagawa wataalamu baina ya waliotetea arudhi na waliotetea mashairi huru. Msimamizi aliyeshika upande mmoja hapotezi sifa kwa sababu hiyo. Swali ni kama ataikubali hoja inayompinga ikiwa imejengwa juu ya ushahidi. Jibu lake limo maktabani: mtahiniwa na asome tasnifu zilizosimamiwa na mwalimu huyo. Zikiwa zote zimeishia katika hitimisho moja lililo la mwalimu mwenyewe, hilo ni onyo.

Msingi wa tatu ni usomaji. Jina kubwa halisomi rasimu. Waliotangulia waulizwe sura hukaa mezani kwa muda gani, na maoni yanayorudi huigusa hoja au huishia kwenye vituo vya uandishi. Iulizwe pia kama mwalimu anakaribia kustaafu, au amebeba wadhifa wa utawala usiomwachia nafasi.

Kuwapo kwa wasimamizi wawili huziba mapengo mengi, mmoja akijua nadharia na mwingine akizijua data. Hata hivyo, manahodha wengi, chombo huenda mrama. Yafaa mgawanyo wa kazi uandikwe tangu mwanzo, na kila kikao kiwe na kumbukumbu zinazotiwa saini na wote watatu.

Limebaki jambo lisilosemwa kwa urahisi. Watahiniwa wengi wa uzamifu ni wahadhiri katika idara zile zile wanamosomea. Msimamizi wao huweza pia kuwa ndiye anayewagawia vipindi na kupendekeza kupandishwa kwao cheo. Katika hali hiyo kumkosoa msimamizi ni kuhatarisha riziki, na tasnifu huanza kuandikwa kwa kuogopa badala ya kufikiri. Mtahiniwa wa namna hii angefaa kumtafuta walau msimamizi mmoja aliye nje ya mamlaka hayo, hata ikiwa ni katika chuo kingine.

Mzigo huu haumwelemei mtahiniwa peke yake. Idara ingeweza kubandika kila mwaka orodha ya wahadhiri wake, uwanja wa kila mmoja na idadi ya watahiniwa alionao. Naye mhadhiri anayeletewa mada asiyoimudu ana wajibu wa kuikataa na kumwelekeza mwenye mada kwa anayeijua, kwani kosa atakaloliidhinisha litanukuliwa na wengine baada yake.