Oili Kwanza, Cheche Baadaye

Mgeni wa pwani akishuka Kariobangi, mashariki ya Nairobi, cha kwanza kumpokea ni sauti: nyundo hapa, tupa kule, na matatu zapiga honi katikati. Jumamosi moja nilikwenda huko kumzuru mpwa wangu, fundi wa injini, nikamkuta ameinamia injini ya Toyota iliyofungwa juu ya meza ya chuma. Gari lake halikuwapo.

"Karibu mjomba. Umekuja siku yake, leo twaiwasha."

Nikauliza ni ya gari gani. Kijana mmoja akadakia: "Ya ndege!" Wote wakacheka.

Ulikuwa mzaha, lakini una asili yake. Mwaka 2010 habari za Gabriel Nderitu, fundi wa kompyuta, zilifika mbali sana. Alikuwa akijijengea ndege nyumbani kwake, mwendo wa saa moja hivi kutoka Nairobi, kwa maarifa aliyoyaokota katika intaneti, na injini aliyoitia ilikuwa ya Toyota. Wengi walimcheka. Hawa vijana wa Kariobangi, nadhani, walicheka kwa wivu.

Uwanja wa pili yake wapo wasubuaji. Huyeyusha vyuma vyepesi vya magari mabovu, wakamimina katika kalibu za mchanga, zikatoka sufuria. Nikawaambia kwamba bodi la injini ya ndege ya Wilbur na Orville Wright lilisubuliwa vivyo hivyo, kwa aluminiamu, katika mji wao wa Dayton. Aliyeiunda injini ile ni Charles Taylor, fundi wa duka lao la baiskeli, kwa muda wa majuma sita hivi. Iliwashwa Februari 1903, na siku ya pili tu petroli ikadondokea beringi, zikashikana, bodi likapasuka. Ikawabidi wasubu jingine. Disemba 17 mwaka ule ndipo wakaruka.

Mpwa wangu aliinua kichwa. "Siku ya pili?"

"Siku ya pili."

Akarudi kuhesabu nati zake.

Sasa msomaji, nikuambie kwa nini kisa hiki hunichoma. Mwaka 1986 kule kwetu Lamu, ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alinunua mashini ya boti kwa fedha za kukopa. Siku ya kuiwasha watu walijaa ufukweni, kahawa na halua zimeandaliwa. Mimi, kijana wa miaka kumi na saba, niliambiwa nitie oili. Nilitia kiasi, nikaona haya kuwaweka watu, nikasema tayari. Mashini ilinguruma, tukashangilia, na baada ya dakika chache ikashikana isizunguke tena. Ami alitazama maji, akasema, "Kadari ya Mungu." Aliilipa ile deni mpaka 1991, kwa tanga.

Kwa hiyo huwasoma kwa makini wale wanaojijengea ndege katika nchi zilizoizoea kazi hii. Siku ya kwanza ya injini hawaiti karamu. Ndege hufungwa mkia kwa kamba nene, magurudumu yakatiwa kabari, na mtu akasimama na mtungi wa kuzimia moto. Petroli hupitishwa kwanza peke yake, mirija ikachunguzwa kila kiungo. Kisha plagi huvuliwa zote, na injini ikazungushwa kavu bila cheche, hata mshale wa geji ya oili uinuke. Hapo ndipo plagi hurudishwa. Ikiwaka, macho yote kwenye geji: nusu dakika ikipita na mshale umelala, huzimwa palepale. Hata ikiwa salama haiachwi ingurume sana chini, kwa kuwa haina upepo wa safari wa kuipoza.

Na rafadha! Sisi wa pwani twaijua ya majini, imejificha. Ya ndege iko mbele ya uso, na ikizunguka haionekani. Pale Kariobangi watoto hupenya kila upenyo, na wala hawana makosa, pa kuchezea pengine ni wapi? Nilimuuliza mpwa wangu, ingekuwa na rafadha kweli, angeiwashia wapi. Alitazama ukuta wa mabati, choo cha jirani, mwanamke anayeanika nguo.

"Si hapa," akasema.

Mikono ipo, kalibu zipo. Uwanja ndio haupo, na kibali cha kuruka ni safari nyingine.

Ikafika zamu ya Toyota. Bila mimi kusema neno, alivua plagi zote nne, akaizungusha kwa betri. Vijana wakanung'unika kuwa wanachelewa chakula. Mshale ulilala, ukalala, kisha ukainuka. Akarudisha plagi, akasema "Bismillahi," akaiwasha.

Ilinguruma vizuri, wallahi. Vijana wakapiga vigelegele, hata wasubuaji wakaacha kazi. Yeye hakucheka. Dakika mbili, akazima. Akapitisha kitambaa cheupe chini ya injini, akakikunjua mbele yangu: tone moja la oili.

"Gasketi," akasema, akaomba spana.