Je, Wajua? Mchonga Makaburi Aliyeingia Kwenye Vitabu

Je, wajua kwamba John Baskerville, Mwingereza ambaye herufi zenye jina lake zimo mpaka leo kwenye kompyuta nyingi, alitoa kitabu chake cha kwanza akiwa na miaka kama 50? Alizaliwa mwaka 1706 katika kijiji cha Wolverley. Kitabu chenyewe, mashairi ya Virgil kwa Kilatini, kilitoka 1757.

Je, wajua alianzia makaburini? Ujanani, mjini Birmingham, alifundisha mwandiko na utunzaji wa hesabu, na huku akichonga maandishi ya mawe ya makaburi. Kibao chake cha tangazo kingalipo, kimetunzwa katika maktaba ya mji huo. Ni bamba la jiwe linalosema kwamba anachonga mawe ya makaburi kwa mwandiko wowote autakao mteja, na maneno yake yamechongwa kwa miandiko mbalimbali, mteja ajionee mwenyewe. Jina lake ameliandika bila ile “e” ya mwisho.

Je, wajua fedha zake zilitoka kwenye masinia? Kufikia mwaka 1740 hivi aliingia kwenye biashara ya vyombo vya bati vilivyopakwa vanishi nyeusi ya kung’aa. Mwaka 1742 alipata hataza ya ufundi wake, ukiwamo wa kuiga rangi ya ng’amba. Akatajirika, akajenga jumba, akanunua gari la farasi lenye ubavu uliochorwa picha kwa ufundi wa kiwandani kwake. Tangazo la biashara linalotembea, na mwenyewe yumo ndani!

Je, wajua alipoingia kwenye uchapaji alikaa miaka kama saba kabla ya kutoa kitabu cha kwanza? Wapiga chapa wengi walinunua herufi zilizokwisha tengenezwa. Yeye alichora zake. Fundi wake, John Handy, alizichonga moja moja kwenye ncha za vyuma. Chuma kikagongwa kwenye shaba kikaacha alama, kisha risasi iliyoyeyushwa ikamiminwa humo kutoa herufi. Isiporidhisha, wanaanza upya. Mpiga chapa anayetegemea kazi ya wiki hii kulipia mkate wa wiki ijayo asingethubutu. Baskerville hakuwa na haraka kwa sababu hakuwa na njaa, na kwa maoni yangu masinia ndiyo yaliyomnunulia ile subira inayosifiwa sana.

Je, wajua hata wino alijitengenezea? Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, masizi laini ya taa, kisha mchanganyiko ukaachwa ukomae. Mtu aliyeshinda miaka na vanishi nyeusi hakufundishwa weusi na mtu.

Na karatasi je? Karatasi za siku zile zilionyesha mistari ya nyaya za chekeche la kuzitengenezea. Sehemu ya Virgil ilichapwa kwenye karatasi mpya ya James Whatman, isiyo na mistari hiyo. Mashine nayo aliikaza ili herufi iguse karatasi bila kuididimiza, na kurasa zilizochapwa akazipiga pasi kwa shaba ya moto. Mapambo hakutaka. Ukurasa wa jina la kitabu una herufi kubwa zilizoachana kwa nafasi, na weupe mwingi pembeni.

Je, wajua Benjamin Franklin, naye mpiga chapa, aliagiza nakala sita za Virgil?

Wapinzani hawakukosekana. Bwana mmoja alimwambia Franklin kwamba herufi za Baskerville, kwa wembamba wa mistari yake, zitawapofusha wasomaji wa nchi nzima. Franklin akaingia chumbani, akachukua karatasi ya sampuli ya herufi za mtengenezaji mwingine, William Caslon, akachana juu palipokuwa na jina, akamletea akidai ni za Baskerville, amwonyeshe ubaya uko wapi. Yule bwana akazipitia, akaonyesha kasoro huku na huku, akasema macho yanamuuma kweli. Herufi hizo ndizo alizokuwa akizisoma maisha yake yote, na kitabu alichokiandika yeye mwenyewe kilichapwa kwazo. Franklin alimsitiri, hakumwambia. Alichofanya ni kumwandikia Baskerville barua ya kumsimulia.