Maktaba iko mbali? Anza kumsomea mtoto nyumbani
MZAZI wa Segese, katika Halmashauri ya Msalala mkoani Shinyanga, akitaka kumpeleka mtoto maktaba ya mkoa, lazima apande gari hadi Shinyanga mjini. Kwa familia inayotegemea jembe au machimbo ya dhahabu, nauli hiyo ni unga wa nyumbani. Ndiyo maana mtoto anaweza kuanza darasa la kwanza bila kuwahi kushika kitabu cha hadithi.

Kazi ya maktaba si kutunza vitabu tu. Huko Scotland, wakutubi huketi na wazazi na watoto wachanga, wakaimba na kusimulia hadithi bila malipo. Mpango huo, Bookbug, pia humpa kila mtoto vitabu vya bure tangu uchanga hadi darasa la kwanza.

Faida yake ni ya kiafya pia. Tangu 2014, chama cha madaktari wa watoto Marekani kinashauri mtoto asomewe tangu anapozaliwa. Ubongo wake unakua kwa kasi, na kusomewa hujenga lugha na ukaribu na mzazi.

Mzazi afanye nini?

• Tenga dakika 10 kabla mtoto hajalala. Simu iwe pembeni.

• Huna kitabu? Simulia hadithi za bibi, hata kwa Kisukuma.

• Hujui kusoma? Fungueni picha, muulize anaona nini.

• Kwenye kikao cha wazazi, uliza kama watoto wanaruhusiwa kuazima vitabu vya hadithi. Kitabu kilichofungiwa kabatini hakimfundishi mtoto kusoma.