Kweli au si kweli? Maneno tunayowaambia wanafunzi wa Ipogolo kuhusu chuo na kazi

Ipogolo iko chini ya mlima, pale barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya inapoachana na ile inayopanda Iringa mjini. Huko mjini kuna Chuo Kikuu cha Iringa, Chuo Kikuu cha Kikatoliki Ruaha na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Huku chini malori ya Tunduma yanapita usiku na mchana, na yakiharibika yanahitaji fundi. Hata hivyo, kijana anaweza kumaliza Kidato cha Nne hapa bila kukanyaga chuo wala karakana hata moja. Maneno ya nyumbani na mtaani yamechangia kumfungia milango. Tuyapime moja baada ya jingine.

"Asiyechaguliwa Kidato cha Tano, chuo kikuu asahau."

SI KWELI. Njia ni zaidi ya moja. Anayepitia Kidato cha Sita kwa kawaida anatakiwa kuwa na ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi wenye jumla ya pointi 4. Lakini mwenye ufaulu wa masomo manne ya Kidato cha Nne, yasiyo ya dini, anaweza kuanza astashahada, akapanda stashahada, na akiimaliza kwa GPA ya 3.0 au zaidi akaomba shahada. Kila programu ina masharti yake ya ziada, kwa hiyo mwanafunzi anahitaji mtu wa kumfafanulia mapema. Machaguo ya Selform, fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo, hujazwa kabla ya mtihani wa Novemba. Mhadhiri au mwanachuo aliyepita njia ya stashahada akizungumza na wanafunzi saa moja tu kabla hawajajaza fomu hiyo, anaweza kumwokoa mtoto na machozi ya Januari matokeo yanapotoka.

"Ufundi ni wa waliofeli."

SI KWELI, na uongo huu umetugharimu sana. Ukitoka Ipogolo kuelekea Mbeya unapita Ifunda, ambako shule ya ufundi ilikuwapo tangu miaka ya 1950, kabla ya Uhuru. Ukifika Mbeya unakuta MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kilichoanza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi. Tangu Januari 2024, mtaala mpya wa sekondari umeweka mkondo wa amali sambamba na ule wa jumla, ili kijana asome ufundi akiwa bado shuleni. Huo ni mkondo wa kuchaguliwa kwa kipaji na hamu. Mzazi anayemtisha mwanawe kwa kumwambia "utaishia gereji" anamfunga akili.

"Fundi wa mtaani hana cheti, atamfundisha nini mwanafunzi?"

SI KWELI. Simama kando ya lori linalokaguliwa kabla ya kwenda kushuka mlima Kitonga. Fundi analala chini ya tela, anasikiliza mpira wa upepo unaovuja, anapaka povu la sabuni na kutazama mahali linapofura. Kisha anamuuliza kijana aliyesimama pembeni: "Upepo ukiisha wote, breki zinaachia au zinashika?" Wengi hujibu kwamba zinaachia. Breki ya kuegeshea ya lori hushikwa na springi nzito, na kazi ya upepo ni kuirudisha nyuma springi hiyo. Upepo ukiisha, breki zinashika na gari linasimama. Hapo mada ya mgandamizo ambayo kijana aliikariri darasani inapata mwili.

Kuhusu cheti, VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Shule ikishirikiana na fundi wa namna hiyo, faida ni ya pande zote mbili: mwanafunzi anapata mwalimu wa vitendo, na fundi anapata sababu ya kwenda kupimwa.

"Kumpeleka mwanafunzi karakana ni kumtumikisha."

INAWEZA KUWA KWELI, pasipokuwa na utaratibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka 14. Aliyefikisha umri huo anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumkosesha masomo, na chini ya miaka 18 haruhusiwi kazi za hatari. Kwa hiyo ushirikiano uandikwe: mzazi, shule na mwenye karakana waweke saini, siku na saa zitajwe, na mwalimu apite kukagua. Wasichana nao wapewe nafasi sawa na ulinzi wa kweli, awepo mtu mzima anayejulikana wa kumwendea wakipata tatizo. Mwanafunzi huyo amekuja kujifunza. Ufagio na kutumwa vocha visiwe ndiyo kazi yake.

"Elimu siku hizi ni bure, kwa hiyo mtaa hauna cha kuchangia."

NUSU KWELI. Ada ya shule za serikali ilifutwa hadi Kidato cha Nne kuanzia 2016, na ya Kidato cha Tano na Sita mwaka 2022. Mikopo ya Bodi ya Mikopo nayo ilianza kuwafikia wa stashahada katika fani za kipaumbele mwaka wa masomo 2023/24. Lakini fomu ya mkopo inadai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, saini ya serikali ya mtaa, na mtu anayeweza kutumia mtandao bila kukosea. Mwanafunzi mwenye sifa zote anaweza kukwama hapo. Mtaa ukiwa na orodha ya watoto wa Kidato cha Tatu wasio na cheti cha kuzaliwa, mtendaji, mwenye steshenari na kijana wa chuo kikuu wakakaa nao Jumamosi mbili, mzigo mkubwa umetuliwa.

"Haya ya shule na jamii ni mambo ya wafadhili."

SI KWELI. Mwalimu Nyerere aliandika *Elimu ya Kujitegemea* mwaka 1967, akitaka shule isitengwe na maisha ya watu wake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliwataka vijana wafanye kazi kwanza ndipo waende chuo kikuu. Utaratibu ule ulikuwa na ugumu wake na baadaye uliachwa, ila swali lake bado ni letu: kijana ataijua kazi lini?

Aijue akiwa Kidato cha Pili na cha Tatu, wakati kuchagua bado kunawezekana. Bodi za shule za Ipogolo zina nguvu ya kuitisha kikao kimoja kabla ya likizo ya Juni, na kuwaketisha mezani mwakilishi wa chuo, fundi, mtendaji na wazazi. Kila mmoja aondoke ameandika idadi ya wanafunzi atakaowapokea, na tarehe ya kuanza.