Sumu ya panya visiwani: ni nani wengine wanaokufa?

Panya ni adui tunayemjua vizuri. Anatoboa magunia ya mahindi na maharagwe, anakula mbegu tulizoweka kwa msimu ujao, na ndugu zetu wa Ituri wanajua kwamba viroboto wake wanaweza kuleta tauni. Ndiyo maana tunanunua sumu sokoni bila kuuliza maswali mengi.

Katika makala hii tuwaangalie watu wengine wanaotumia sumu ya panya, tena kwa tani nyingi na kwa nia njema: wale wanaolinda ndege na wanyama wa visiwa vya mbali. Wamepata ushindi mkubwa, lakini pia wameokota mizoga ya viumbe waliokuja kuwaokoa. Yale waliyojifunza yanatufaa hata sisi tunaoishi mbali na bahari.

Kwa nini wanaua panya huko?

Visiwa vingi vya bahari kuu havikuwa na panya tangu mwanzo. Panya walifika ndani ya meli za watu. Ndege wa visiwa hivyo walikuwa wamezoea kutaga mayai chini au ndani ya mashimo, kwa sababu hapakuwa na mnyama wa kuwawinda. Panya akifika, anakula mayai, anakula makinda, na miaka ikipita ndege wanatoweka.

Mitego haitoshi kwenye kisiwa chenye milima na magenge. Akibaki jike mmoja tu mwenye mimba, kazi yote inaweza kurudi mwanzo. Kwa hiyo wanamwaga chambo chenye sumu kwa helikopta juu ya kisiwa kizima, ili pasiwe na panya hata mmoja ambaye hakukutana nacho.

Sumu yenyewe inafanyaje kazi?

Sumu inayotumiwa zaidi katika kazi hiyo inaitwa brodifakumu. Ini la mnyama linahitaji vitamini K ili kutengeneza vitu vinavyogandisha damu. Brodifakumu inalizuia ini kuitumia vitamini hiyo tena na tena kama kawaida. Baada ya siku kadhaa damu haigandi, mnyama anatokwa damu ndani ya mwili, na anakufa.

Kuchelewa huko kuna sababu. Panya ni mwerevu: akijisikia vibaya mara tu baada ya kula chakula kigeni, hatakirudia. Sumu inayongoja siku kadhaa haimpi nafasi ya kutambua kilichomdhuru.

Lakini siku hizo za kungoja ndizo zinazowaponza wengine. Panya aliyekula sumu anaanza kulegea, anatembea ovyo hata mchana, na ndege anamkamata kwa urahisi. Sumu ingali ndani ya ini lake, na inaweza kukaa humo kwa miezi. Basi kuna njia mbili za kudhurika. Kuna mnyama anayekula chambo chenyewe, na kuna yule anayekula mnyama aliyekula chambo. Wadudu na kaa wanaweza kula chambo bila kufa, kwa kuwa damu yao haifanyi kazi kama yetu, lakini wanaibeba sumu mpaka kwa ndege anayewala.

Alaska: tai 46

Katika visiwa vya Aleutian, jimbo la Alaska huko Marekani, kulikuwa na kisiwa kilichoitwa kwa Kiingereza Kisiwa cha Panya. Panya walifika huko mwishoni mwa karne ya 18, wakati meli ya Wajapani ilipovunjika pwani. Mwaka 2008 helikopta zilimwaga brodifakumu, na panya wakaisha kabisa.

Mwaka 2009 wachunguzi walirudi kisiwani wakakuta mizoga ya ndege zaidi ya 400. Kati yao shakwe, ndege wa pwani wanaookota chochote, walikuwa 320. Tai wenye kichwa cheupe, ndege ambaye ni alama ya taifa la Marekani, walikuwa 46. Shakwe walikuwa wamekula sumu, na tai wakala shakwe. Uchunguzi uliofuata ulikosoa namna kazi ilivyofanyika, pamoja na kiasi cha sumu kilichomwagwa.

Hata hivyo habari haikuishia kwenye mizoga. Miaka iliyofuata ndege walirudi kuzaana. Walipoongezeka, walikula konokono wa kwenye miamba ya pwani, na konokono walipopungua, mwani ukaota tena. Kwa muda wa miaka 11 hivi pwani ile ilifanana tena na pwani za visiwa ambavyo havijawahi kuwa na panya. Mwaka 2012 kisiwa kilirudishiwa jina lake la asili, Hawadax.

Macquarie: kusimama na kujipanga upya

Macquarie ni kisiwa cha Australia, kati ya New Zealand na Antaktika. Humo kulikuwa na panya wakubwa, panya wadogo na sungura, wote walioletwa na watu. Sungura walimaliza majani mpaka udongo wa milimani ukaporomoka. Sumu ilianza kumwagwa mwaka 2010, lakini hali ya hewa mbaya ikaikatiza kazi. Mizoga ya ndege ilianza kuonekana, hasa wale wanaokula nyamafu.

Wasimamizi hawakuendelea vilevile. Walileta kwanza ugonjwa unaoua sungura peke yao, ili wakati wa sumu sungura wawe wachache na mizoga yenye sumu ipungue. Kisha walituma watu kuzunguka kisiwa wakiokota mizoga kabla ndege hawajaifikia. Sumu ilimwagwa tena mwaka 2011. Kwa jumla ndege zaidi ya 2,000 walikufa, hasara kubwa. Lakini mwaka 2014 ilitangazwa kwamba panya na sungura wameisha kabisa, na majani yakaanza kufunika milima.

Pinzón: hatari iliyofichwa ndani ya mijusi

Katika visiwa vya Galápagos, nchi ya Ekuador, kisiwa cha Pinzón kina kobe wakubwa. Kwa zaidi ya miaka 100 panya walikula watoto wa kobe, hata wazee tu wakabaki porini. Mwaka 2012, kabla ya kumwaga sumu, wahifadhi waliwakamata vipanga wa kisiwa na kuwatunza ndani ya vizimba mpaka hatari ipite. Mpango ulikuwa mzuri, lakini baada ya kuachiliwa baadhi ya vipanga walikufa. Mijusi ya pale ilikuwa imekula chambo. Haikufa, lakini mabaki ya sumu yalikaa mwilini mwake kwa zaidi ya miaka 2, na vipanga hula mijusi.

Mwishoni mwa mwaka 2014 watoto wa kobe waliozaliwa porini walionekana tena Pinzón.

Tuseme nini basi?

Mtu anaweza kuuliza: je, ni halali kuua tai 46 ili kuokoa maelfu ya makinda? Mimi ninaona kwamba kuacha panya waendelee nako ni kuchagua vifo, ila vifo hivyo hutokea kimya kila mwaka na hakuna anayevihesabu. Lakini nia njema haimpi mtu ruhusa ya kufumba macho. Wakili mwaminifu anatoa hesabu ya kilichopatikana na ya kilichopotea. Tunajua habari za tai wa Hawadax kwa sababu watu walirudi, wakaokota mizoga, wakahesabu, wakaandika, na ripoti ikasomwa hadharani. Kazi za uokoaji zinazoficha hasara zake hurudia hasara ileile mahali pengine, na hilo ni kweli hata kwa kazi zetu za kanisa.

Na nyumbani kwetu?

Sumu nyingi za kugandua damu zinazouzwa kwa ajili ya nyumba ni za jamii moja na hiyo ya visiwani. Panya akifa nasi tukamtupa jalalani, mbwa, paka, nguruwe, kuku na mwewe wanaweza kumla. Bundi anayeuawa hivyo ni yule aliyekuwa akitukamatia panya bure kila usiku. Kwa hiyo:

- Weka chambo ndani ya kopo au bomba lenye tundu dogo, mahali ambapo mtoto na kuku hawafiki.
- Tafuta panya waliokufa kila asubuhi. Usiwaguse kwa mkono mtupu. Wafukie chini sana au wachome. Usimle panya ambaye hujui amekufaje.
- Mtoto akila sumu, mpeleke kituo cha afya siku ileile hata kama anacheza vizuri, kwa sababu damu huanza kutoka baada ya siku kadhaa. Beba na pakiti. Vitamini K ni dawa ya sumu ya aina hii, lakini mganga ndiye anayeitoa.
- Usinunue unga usio na jina. Huenda ni sumu ya aina nyingine inayoua kwa dakika.
- Mahali penye tauni, ukiona panya wengi wamekufa bila kuwekewa sumu, mjulishe muuguzi mara moja. Na kabla ya kuua panya, viroboto vishughulikiwe kwanza, kwa maana panya akifa viroboto humwacha na kutafuta mwili mwingine.

Anza na ghala lenyewe: magunia juu ya vichanja, matundu yazibwe, mabaki ya chakula yasilale nje. Panya asiyepata chakula kwako hatahitaji sumu.